Asenath Odaga wa Kisumu na deni letu watu wa Pwani

Likizo iliyopita mjukuu wangu wa miaka saba alikuja kulala kwangu hapa Mombasa. Umeme ulipopotea na simu zote zikaisha chaji, alinitaka nimhadithie hadithi. Nikaanza na paukwa. Hakujua kuitikia pakawa. Nikamfundisha, akaitikia kwa furaha, nikaingia kwenye kisa cha kijana aliyemuoa binti wa jini wa baharini, kisa ambacho nyanya yangu alikuwa akitupa pale Kuze tukiwa watoto. Nilifika katikati nikakwama. Mwanzo naujua, lakini jinsi kijana yule alivyorudi nchi kavu sikumbuki hata kidogo. Mtoto alingoja, akangoja, mwisho akalala.

Mimi sikulala. Nilikuwa nikimfikiria mama mmoja wa Kisumu ambaye sikupata kumwona kwa macho yangu, lakini ambaye kazi yake niliiona na nikaipenda zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Jina lake Asenath Bole Odaga. Alifariki Desemba 2014, akiwa na miaka 77. Wasomaji wengi wa hapa kwetu huenda hawamjui, na leo nataka kumweleza, kwa sababu alilolifanya kule ziwani ndilo tulilolikwepa sisi huku baharini.

Kisumu nilikwenda mwaka 1987, nikiwa kijana niliyemaliza skuli na sina kazi. Mjomba wangu alikuwa na duka dogo la vitambaa kule, akakubali nikamsaidie. Nilipanda gari la moshi Mombasa, nikabadilisha Nairobi, nikaamka asubuhi tunateremka kuelekea ziwani. Watu hudhani Kisumu ni nchi ya mbali isiyohusiana nasi. Reli iliyoanzia kwetu ndiyo ilifika pale mwaka 1901, wakati mahali penyewe pakiitwa Port Florence, na watu wa Pwani walifuata reli hiyo wakaweka makazi. Mjomba alikaa Kaloleni, mtaa wenye msikiti, Kiswahili na harufu ya pilau siku ya Ijumaa. Mara ya kwanza nilipolala pale nilisahau kama niko safarini.

Mkaza mjomba wangu alikuwa mwenyeji wa Seme, pembezoni mwa ziwa. Mama yake mzazi aliishi nao, bibi kizee asiyejua kusoma wala kuandika, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuulizia bei sokoni tu. Jioni moja nilimkuta bibi huyo amekaa ukumbini, na mjukuu wake wa darasa la nne anamsomea kitabu chembamba cha Kidholuo. Sikuelewa neno. Lakini niliona mara kwa mara bibi anainua mkono, mtoto ananyamaza, bibi anasema jambo, mtoto anabisha huku akionyesha ukurasa kwa kidole. Nikamuuliza mkaza mjomba kuna ugomvi gani. Akacheka. Akasema mama anadai kitabu kimekosea, kwamba kwao Seme kisa hicho hakisimuliwi hivyo.

Kisa chenyewe kilikuwa cha Nyamgondho mwana wa Ombare. Nyamgondho alikuwa mvuvi maskini wa upande wa Gwassi, kusini mwa ziwa. Siku moja mtego wake haukuleta samaki, ulileta bikizee. Akataka kumrudisha majini, bikizee akamwomba amchukue nyumbani. Akamchukua, na tangu siku ile zizi lake likajaa ng'ombe, akaoa wake, akawa mtu wa kuheshimiwa. Kisha ulevi ukamwingia. Usiku mmoja alirudi amelewa, akamtukana yule bikizee na kumkumbusha kwamba alimwokota ziwani. Kulipokucha bikizee akatoka, akashika njia ya ziwani, na kila mnyama zizini akamfuata. Wote wakazama majini huku Nyamgondho akiwatazama ameegemea fimbo yake.

Mwandishi aliyekitia kisa hicho kitabuni, kama mchezo wa kuigiza kwa Kidholuo na baadaye katika mkusanyo wa hadithi kwa Kiingereza mwaka 1986, alikuwa Asenath Odaga. Na kilichonishangaza ni kwamba kitabu hakikutoka London wala Nairobi. Kilichapishwa palepale Kisumu, na kampuni yake mwenyewe. Nilitoka Pwani nikidhani vitabu hutengenezwa mbali na watu wakubwa, na sisi kazi yetu ni kuvinunua mwezi wa Januari skuli zikifunguliwa.

Asenath alizaliwa Julai 1937 Rarieda, magharibi mwa Kisumu, sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Siaya. Wazazi wake walikuwa wakulima na Wakristo wa dhehebu la Anglikana. Wakati ule msichana aliyefika mbali kwa masomo alikuwa mmoja katika wengi, na njia yake ilikuwa moja: skuli za misheni, kisha chuo cha ualimu. Asenath alisomea ualimu Kikuyu mwaka 1955 na 1956. Akaolewa mwaka 1957 na James Odaga, na mwaka huohuo akaanza kufundisha Ng'iya. Baadaye alifundisha Butere, skuli ya wasichana, na kuanzia 1961 hadi 1963 akawa mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana ya Nyakach. Hesabu miaka yake uone: alikuwa hajafika hata 25 alipokabidhiwa skuli nzima.

Uhuru ulipopatikana, familia ikawa Nairobi, naye akashika kazi za ofisini. Alipitia shirika la reli, bodi ya maziwa, huduma ya maktaba ya taifa, gazeti la East African Standard upande wa matangazo, hata kampuni ya safari za watalii. Ukizitazama kazi hizo utadhani ni mtu aliyepotea njia. Lakini katikati ya hayo yote alikuwa akiandika, na aliwaandikia watoto.

Mwaka 1966 vilitoka vitabu vyake viwili. Kimoja, The Secret of Monkey Rock, kuhusu siri ya jabali la nyani, kilichapishwa na Nelson. Kingine, Jande's Ambition, kilitolewa na East African Publishing House, kampuni iliyokuwa imefunguliwa Nairobi mwaka mmoja tu kabla. Jande ni msichana wa kijijini mwenye hamu ya elimu. Leo jambo hilo laonekana la kawaida. Wakati ule mtoto wa Kenya aliyejua kusoma alipewa vitabu vya watoto wa Uingereza, wenye farasi na theluji na mbwa walalao ndani ya nyumba. Msichana mweusi mwenye jina la Kiluo akiwa ndiye shujaa wa kitabu, si mtumishi wala mpita njia, lilikuwa jambo jipya. Mwalimu aliyepita Ng'iya, Butere na Nyakach aliwajua akina Jande kwa sura na kwa majina ya baba zao.

Mwaka huohuo wa 1966 Grace Ogot, mwanamke mwingine wa upande ule wa Asembo, alitoa riwaya yake The Promised Land. Wanawake wawili wa ukingo mmoja wa ziwa, mwaka mmoja. Ogot aliwaandikia watu wazima, akaingia siasa, akawa mbunge na waziri msaidizi, na jina lake likaenea. Odaga alibaki na watoto, na jina lake likabaki kwenye mikoba ya skuli. Wote wawili walikuwa katika kundi lililoasisi chama cha waandishi wa Kenya, na baadaye Odaga aliongoza chama cha fasihi ya watoto na kundi la wanawake waandishi.

Baada ya 1966 hakupumzika. Mwaka 1967 vilifuata The Diamond Ring na The Hare's Blanket, ambacho ni mkusanyo wa ngano za sungura na wenzake. Kikaja The Angry Flames mwaka 1968, Sweets and Sugar Cane mwaka 1969, The Villager's Son mwaka 1971. Kisha akamzua mtoto aitwaye Kip na kumtembeza nchi nzima: kwanza shambani, kisha mjini, kisha Pwani. Ndiyo, mwaka 1977 kulitoka kitabu chake cha watoto chenye jina Kip at the Coast. Nitakirudia kitabu hicho.

Akiwa mama wa watoto kadhaa aliingia Chuo Kikuu cha Nairobi, akapata shahada ya kwanza mwaka 1974, akiwa na miaka 37. Alikuta chuo kinachemka. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walikuwa wametaka idara ya Kiingereza ivunjwe, na badala yake Afrika na fasihi yake simulizi viwekwe katikati ya masomo. Mwaka 1974 walimu wa nchi nzima walikutana Nairobi kuzungumzia namna ya kupeleka fikra hizo kwenye shule za sekondari. Kwa wasomi wengi hilo lilikuwa jambo la makongamano. Odaga alilichukua kwa miguu. Kuanzia 1976 hadi 1981 alikuwa mtafiti katika Taasisi ya Taaluma za Afrika, na akakusanya ngano, methali na vitendawili. Mwaka 1982 yeye na Kichamu Akivaga walitoa kitabu cha fasihi simulizi kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Yeyote aliyefanya mtihani wa fasihi ya Kiingereza miaka ile na akaulizwa swali la ngano au methali, ana deni kwa watu kama hao wawili. Kabla yao maneno ya bibi zetu hayakuwa somo, yalikuwa porojo za jikoni.

Mwaka 1981 alipata shahada ya pili. Alikuwa na kazi chuoni, vitabu kwa wachapishaji wakubwa wa London na Nairobi, na jina. Mtu wa namna hiyo hukaa Nairobi mpaka pensheni. Yeye alifunga virago akarudi Kisumu, na mwaka 1982 akafungua kampuni ya uchapishaji akaiita Lake Publishers, pamoja na duka la vitabu aliloliita Thu Tinda.

Maneno hayo Thu Tinda hayakuokotwa. Ndiyo Wajaluo wanayofungia hadithi, kama sisi tunavyofungua kwa paukwa. Zamani watoto wa Kijaluo walikusanyika jioni katika nyumba ya bibi mmoja mzee, nyumba iitwayo siwindhe, wakahadithiwa mpaka usingizi uwachukue. Shule za bweni na maisha ya mjini zikaivunja siwindhe. Odaga hakuketi kuililia. Alifungua duka, akalitundikia maneno ya siwindhe mlangoni, akaanza kuuza vitabu.

Nimefanya biashara ndogo maisha yangu yote, kwa hiyo niruhusuni niseme kuhusu upande huu ambao wasomi huupita haraka. Kuchapisha vitabu Kenya ni kutegemea skuli. Kitabu kikiwa kwenye orodha ya wizara, kinauzwa maelfu. Kikiwa nje ya orodha, kinakaa ghalani kinaliwa na mchwa. Kitabu cha hadithi kwa lugha ya nyumbani kina shida maradufu, kwa maana wanunuzi wake ni wa eneo moja, na wazazi wengi wanaona fedha ya kitabu ni ya Kiingereza na hesabu. Odaga aliyajua hayo yote. Aliandika mwenyewe, akahariri mwenyewe, akachapisha mwenyewe na akauza mwenyewe. Vitabu vyake vya Kiingereza vilikaa rafu moja na vya Kidholuo: tamthilia, hadithi za watoto kama ile ya Ogilo, misemo ya Wajaluo, hata kamusi ya Kidholuo na Kiingereza. Riwaya zake za watu wazima, kama The Shade Changes ya 1984 na Between the Years ya 1987, nazo alizitoa hapohapo. Mwaka 1985 alitoa kitabu kizima cha kuwaeleza wakubwa kuhusu fasihi ya watoto na vijana nchini Kenya. Na kana kwamba hayo hayatoshi, alisimamia kamati ya makumbusho ya Kisumu.

Miongoni mwa kazi alizotoa ni tamthilia ya Simbi Nyaima. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la duara, maji yake ya chumvi, na heroe huja kutua. Wazee wanasema palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wa mvua, watu wakiwa kwenye sherehe na pombe, alikuja bikizee mchafu amelowa, akaomba sehemu ya kuota moto. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha. Bikizee akamwambia achukue watu wake watoke, na walipotoka kijiji kikazama na watu wake wote. Mjomba alinipeleka siku moja nikaliona ziwa lile. Nilisimama ukingoni, na ingawa mimi si mtu wa kule, nilishusha sauti. Nilikuwa nimeshasoma kisa, na maji yale hayakuwa maji tu tena. Mtoto wa Kendu Bay aliyesoma kitabu kile anaishi mahali penye maana. Mtoto wetu anayepita gofu la Gede au nguzo ya Mbaraki bila kuhadithiwa lolote anaona mawe.

Sasa nirudi kwa Kip at the Coast. Nilipojua kwamba kitabu hicho kipo, nilikitafuta. Nimekiulizia maduka ya Mombasa na Nairobi, nimewauliza wauzaji wa vitabu vikuukuu barabarani, mpaka leo sijakitia mkononi. Mama wa Rarieda alifikiri kwamba watoto wa Kenya wanastahili kuijua Pwani yetu, akaketi akawaandikia. Mimi mzaliwa wa Kuze sijaandika hata ukurasa mmoja uliomfikia mtoto.

Si kwamba sikujaribu, lakini nilijaribu kivivu. Niliporudi Mombasa mwaka 1988, moto wa Kisumu ukiwa bado moyoni, nilinunua daftari nikaketi na nyanya yangu. Alinipa hadithi nne, nikaziandika kama alivyozisema, kwa Kimvita chake. Nikazipeleka Nairobi kwa mchapishaji mmoja. Waliniambia lugha yake si sanifu na haifuati silabasi, nirudi nikairekebishe. Nilikasirika. Ningeweza kurekebisha, ningeweza kuzitoa kwa mashine ya taipu na kuzigawa mtaani, ningeweza angalau kuendelea kumsikiliza. Badala yake nililitupa daftari kabatini, nikasema nitamaliza mambo yakitulia. Nyanya alifariki mwaka 1993. Kisa cha binti wa jini hakimo katika zile nne.

Odaga pia aliwahi kuwa na sababu za kuacha. Hakuna mwandishi asiyekataliwa, na hakuna mji wa mkoani uliokuwa rahisi kwa mwanamke mwenye kampuni ya vitabu. Tofauti yake na mimi ni kwamba yeye hakungoja Nairobi imkubali. Alirudi alikotoka hadithi akaweka meza yake hapo.

Desemba 2014 alifariki. Machi 2015 Grace Ogot akamfuata. Desemba 2015 akafa Marjorie Oludhe Macgoye, Mwingereza aliyeolewa ziwani akawa mtu wa kule, mwandishi wa Coming to Birth. Katika mwaka mmoja hivi ziwa lilipoteza wanawake wake watatu wa kalamu. Magazeti yaliwakumbuka, Ogot zaidi kuliko wenzake. Lakini mimi namkumbuka Odaga kwa ule ubishi wa Kaloleni, bibi asiyejua kusoma na mjukuu wa darasa la nne wakigombania mwisho wa hadithi. Kitabu hakikumnyamazisha bibi. Kilimpa mtoto sababu ya kumuuliza, na bibi sababu ya kusema. Kama kitabu kisingekuwepo, jioni ile kila mmoja angekaa kivyake.

Ndugu zangu, sisemi Pwani haina waandishi. Tunao washairi hodari, na tenzi zetu zilikuwa zimeandikwa kabla reli haijafikiriwa. Nasema juu ya watoto. Nani amewaandikia watoto wa Lamu, Mombasa, Vanga na Malindi visa vya nyanya zao, kwa lugha ambayo nyanya akisikia atainua mkono na kusema hapo umekosea? Wachache mno, na vitabu vyenyewe ni vigumu kupatikana. Tunalalamika kila siku kwamba Kiswahili chetu kinaharibiwa na watoto wanakula katuni za simu. Katuni imekuta uwanja mtupu.

Kwa hiyo naomba jambo dogo. Wenye nyanya, mama au shangazi anayejua hadithi, mketi naye wiki hii. Simu hiyohiyo tunayoilaumu ina kinasa sauti. Mrekodini mpaka mwisho wa kisa, msiishie katikati kama mimi. Walimu wetu wa skuli na wa chuo wawape watoto kazi ya kuleta kisa kimoja kutoka nyumbani. Na wafanyabiashara wetu wanaotoa fedha za mashindano ya mpira, watenge kidogo ya kuchapa kijitabu cha kurasa ishirini.

Mimi nimelitoa lile daftari kabatini. Mende wamekula pembe zake lakini hadithi nne zinasomeka. Ya kwanza nimeshaipiga chapa na kumtumia mjukuu wangu. Ya binti wa jini nimeshawauliza mabinamu zangu wa Lamu na wa Zanzibar, na mmoja anasema anamjua mama mkongwe huko Pate aliyekuwa akiihadithia. Nikijaaliwa uzima, nitakwenda kumsikiliza.